Fundi wa muvi Makoroboi kaifomati flashi yangu huku ananiangalia usoni!!!

Wakuu, leo salamu sina. Yule fundi mnamjua, yule wa kibanda cha kuingiza muvi pale Makoroboi hapa Mwanza, spika iko nje utadhani anazindua kampeni. Mchana huu KAIFOMATI FLASHI YANGU. Nimesimama, namwona!

Nilimpa aniprintie kurasa chache tu. Humo ndani ilikuwemo CP/M 2.2 niliyoifumua yote, yaani nimeigeuza kutoka namba za mashine kuwa amri za prosesa zinazosomeka. Kwa wasioijua, huo ni mfumo endeshi wa Gary Kildall uliotamba kwenye kompyuta ndogo kabla ya MS-DOS, na toleo hilo ni la 1979. CCP inayopokea amri ni kilobaiti 2, BDOS inayohangaika na mafaili ni 3.5. Picha zenu za profaili zinaizidi uzito!

Na kuifumua si kazi ya kitoto. Programu ya kufumulia haijui ipi amri, ipi maneno. Ikikutana na ujumbe "Bad Sector" inakuandikia amri za prosesa, MOV B,D halafu MOV H,C halafu MOV H,H, kumbe ni herufi B, a, d tu. Unapekua mpaka uione alama ya dola inayofunga ujumbe, ndipo unajua maneno yameishia wapi. Nikavipa vyote majina, kila mstari maelezo ya Kiswahili, nikaiunga upya kwa asembla, programu inayorudisha amri kuwa namba za mashine, ikatoka sawasawa na ya Kildall, hakuna baiti iliyozidi wala kupungua.

Hiyo ndiyo kaifomati! "Blaza, mteja anawahi meli ya Ukerewe, nitakupa flashi nyingine." Kaniangalia usoni, kabonyeza. Kajaza tamthilia za Kikorea, kamkabidhi mtu flashi YANGU. Namuuliza umefuta nini, ananijibu, "Kulikuwa na vimaandishi vya ajabu ajabu, nikajua virusi." VIRUSI! Kibanda kizima kikacheka, mpaka muuza karanga. Muuza karanga anaijua BDOS?

Narudia: kaniangalia usoni, NDIPO akabonyeza.

Sangara_Mkavu: Ndefu, nimeishia kwenye meli. Tamthilia gani hiyo mkuu?

MtuWaIgoma: Mfumo wa 1979 unaufanyia nini Mwanza hii? Fundi kakusaidia, nenda kaoe.

Mleta uzi: @MtuWaIgoma BDOS yote inaingilika kwa mlango mmoja, anwani 0005 ya memori. BIOS, sehemu inayoongea na vifaa vya mashine, ina milango 17 tu, ukiiandika upya mfumo unahamia kwenye mashine nyingine. Mtu kaliwaza hilo miaka ya 70! Wewe simu yako inajizima ukifungua kamera. Halafu kaniangalia USONI.

Z80_Mabatini: Mkuu, fomati ya haraka hufuta orodha tu, data hubaki mpaka iandikwe juu yake. Ipate flashi haraka, usiweke kitu.

Mleta uzi: Kashaweka msimu mzima! Na flashi iko majini inaelekea Nansio!

Dada_Kirumba: Bekapu je?

Mleta uzi: Iliyopo ni ya kabla ya maelezo. Dada, usinipandishe presha.

Sangara_Mkavu: Huyo fundi hata mimi kaniwekea muvi, sterling anafika kwenye kisasi inakata. Namrudia ananiambia "ndivyo ilivyoisha".

MtuWaIgoma: 😂😂 Afadhali nyie. Kuna bodaboda pale Buzuruga, mnamjua, wa koti la njano hata jua likiwaka. Kanishusha nusu ya safari, eti simu yake imeisha chaji.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada, kabonyeza ananiangalia

Dada_Kirumba: Wa koti la njano namjua! Ila hajamfikia yule mama wa mizani pale Mwaloni. Kanipimia sato pamoja na barafu, nimefika nyumbani samaki kawa kidagaa.

Z80_Mabatini: Yule wa kushoto ukiingia?

Dada_Kirumba: Huyohuyo!!

Sangara_Mkavu: Anzisha uzi wake dada, huyo mama ana kesi na mji mzima.