NYUMBA YA BABU (watu 23)

JUMATANO

Zuhura 19:04
Habari za jioni ndugu zangu. Fundi anaingia Jumamosi saa mbili asubuhi. Nataka majibu ya mambo manne LEO, siyo kesho.
1. Ukuta wa sebuleni, chokaa au simenti
2. Jiko likae wapi
3. Waya za umeme
4. Ufunguo wa stoo uko kwa nani

Zuhura 19:05
Wenye picha za mapazia msitume kwanza.

Zuhura 19:41
Nimeangalia, mmesoma watu 17.

Kassim 19:43
Mimi wa 18, ndiyo kwanza nafika 🙋🏾‍♂️

Zuhura 19:43
Kassim jibu.

Kassim 19:44
Namba 4, siyo mimi.

Mama Nuru 19:50
[Picha, imesambazwa mara nyingi: «Jumatatu njema»]

Kassim 19:51
Mama Nuru leo Jumatano

Rehema 20:15
Samahanini, nilikuwa kazini. Dada Zuhura, kwenye ukuta naomba tusirudie simenti. Ule ni mawe na chokaa, na chini hauna kitu cha kuzuia unyevu, nyumba za zamani hazikuwekewa. Maji yanapanda toka ardhini. Zamani yalitokea kwenye plasta yakakauka, maana chokaa inapumua. Simenti imeyafungia ndani, kwa hiyo yanatafuta njia juu zaidi. Ndiyo maana unyevu umefika usawa wa dirisha. Ule unga mweupe unaopukutika ni chumvi.

Kassim 20:17
Mimi nilijua jini anajipaka poda

Baba Mdogo Idi 20:31
Simenti imejenga dunia nzima. Plasta ile niliipiga kwa jasho langu, hakuna aliyekuja hata kushika ndoo.

Rehema 20:33
Baba, samahani. Sisemi ulikosea, wakati ule kila mtu alipiga simenti. Ila hii simenti ya kawaida, inaitwa Portland, haki yake ya uvumbuzi ilitolewa Uingereza mwaka 1824. Warumi hawakuwa nayo, walitumia chokaa, na hekalu lao la Pantheon kule Roma bado limesimama.

Baba Mdogo Idi 20:34
Warumi hawakuchangia nyumba hii.

Shangazi Asha 20:40
Jasho lako na mlango wa kati.

Baba Mdogo Idi 20:40
Asha.

Shangazi Asha 20:41
Nasema tu. Simenti ilinunuliwa kwa kitu.

Baba Mdogo Idi 20:43
Mlango ulikuwa umeliwa na mchwa!!

Shangazi Asha 20:44
Umeliwa na mchwa ukapata mnunuzi siku hiyo hiyo?

Zuhura 20:44
Jamani ya mlango tuliyamaliza.

Shangazi Asha 20:45
Nani aliyamaliza? Mimi sikuwepo.

Baba Mdogo Idi 20:46
Ujumbe huu umefutwa

Kassim 20:47
Nimeuwahi 👀

Zuhura 20:47
Kassim nitakutoa humu.

Zuhura 20:52
Rehema, nieleze kifupi. Tukienda na chokaa Jumamosi tunapaka rangi lini?

Rehema 20:58
Jumamosi hatupaki kitu. Tunabandua simenti kwa tindo na nyundo, taratibu, tusing'oe mawe. Halafu ukuta uachwe ukauke, hiyo ni miezi. Kisha plasta ya chokaa kwa matabaka membamba, kila tabaka lisubiriwe. Chokaa inakuwa ngumu kwa kuvuta hewa ya ukaa, kwa hiyo haitaki haraka wala jua kali, inafunikwa na gunia bichi. Mwisho maji ya chokaa, mikono minne mitano miepesi, siyo mmoja mzito.

Zuhura 20:59
MIEZI?

Zuhura 21:00
Nimeshampa fundi malipo ya kwanza.

Rehema 21:02
Fundi wa simenti?

Zuhura 21:02
Fundi.

Zuhura 21:06
Basi tuendelee. Mimi nataka ule ukuta kati ya sebule na chumba kidogo utoke, tupate nafasi moja kubwa ya watoto kukimbia.

Rehema 21:10
Huo haugusiki dada. Boriti za juu zimelala juu yake. Vyumba ni vyembamba kwa sababu ya urefu wa miti waliyopata, siyo kwamba babu alipenda kubanana. Na uzuri wake ndio huo: zulia moja, taa mbili za chini zenye mwanga wa njano, viti vya kuegemea ukutani, chumba kimejaa. Kikiwa kikubwa tutahangaika kukijaza makabati.

Rehema 21:12
Na milango iliyobaki msiisugue msasa mkavu. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, vumbi lake ni sumu kwa watoto hasa. Iloweshwe kwanza, watoto wasiwepo.

Kassim 21:13
Milango iliyobaki 😭😭 Rehema unatafuta radhi kweli

Zuhura 21:20
Namba 3 ndiyo ya haraka. Juzi swichi ya ngazini ilitoa cheche. Fundi umeme anasema waya ule una gamba la mpira la zamani, umekauka, ukiukunja unavunjika kama bisikuti.

Kassim 21:21
Ile swichi ndiyo ilinifundisha kusali

Nuru 21:22
Na popo wa ngazini je, bado yupo?

Kassim 21:22
Yule mpangaji, Babu alimkuta humo

Nuru 21:23
Mnakumbuka Kassim alivyoteremka ngazi kumi na moja kwa makalio akimkimbia

Kassim 21:24
Tisa. Mbili nilipaa

Nuru 21:24
🤣🤣🤣

Zuhura 21:25
NYUMBA ITAUNGUA NYIE MNACHEKA

Zuhura 21:26
Nani yuko karibu akazime swichi kuu usiku huu? Mimi niko mbali.

Zuhura 21:58
?

Zuhura 22:37
Haya, usiku mwema.

ALHAMISI

Mama Nuru 06:12
Nimezima. Nilikwenda jana saa tano na tochi.

Kassim 06:30
Mama Nuru 🫡🫡

Nuru 09:05
Jamani Bibi alinitaka nimsomee kila kitu, hata utani. Sasa anasema niandike anavyosema nisiongeze langu.

Nuru 09:11
«Hamjambo wanangu na wajukuu. Nimesomewa. Mmesema ukuta, mmesema mlango, mmesema popo. Sijasikia hata mmoja aliyesema mimi nitalala pale. Ile nyumba haikuharibiwa na simenti ya Idi peke yake. Ilianza kuharibika tulipofunga madirisha tukaondoka, kila mtu na ufunguo wake mfukoni. Nitengenezeeni kile chumba cha chini cha uani, na choo cha karibu, miguu yangu haipandi tena. Nahamia. Mengine mtayafanya nikiwa ndani. Ukuta wa sebuleni usivunjwe, pale ndipo alipokuwa akiegemea baba yenu. Na Idi anajua mlango ulipo.»

Nuru 09:12
Amesema basi.

Kassim 09:40
Shikamoo Bibi

Shangazi Asha 10:02
Shikamoo Mama. Nimesikia.

Zuhura 10:15
Shikamoo Bibi. Tumekuelewa.

Baba Mdogo Idi 12:48
Shikamoo Mama. Sawa.

Zuhura 13:30
Basi orodha inabadilika. Chumba cha uani kwanza. Rehema, choo kinawezekana pale?

Rehema 13:52
Kinawezekana. Jiko nalo tuliweke upande huo huo, bomba za maji na maji machafu ziwe njia moja. Zisichimbiwe ukutani, zipite nje ya plasta, zikivuja tuone mapema. Na kile chumba hakikuguswa na simenti, ni kikavu kabisa. Tufungue lile dirisha lililozibwa kwa matofali, hewa ipite. Bibi anaweza kuingia kabla ya sebule kuisha.

Baba Mdogo Idi 13:58
Dirisha nililiziba mimi. Nitalizibua mwenyewe.

Shangazi Asha 14:01
Nitakushikia ndoo.

Kassim 14:02
Naomba hii siku iwekwe kwenye kumbukumbu za kikundi

Zuhura 14:03
Kassim. Jumamosi unakuja?

Kassim 14:20
Nitaona

Zuhura 14:21
Wengine? Watu 23!

Nuru 14:25
Nina mtihani

Mama Nuru 14:31
[Picha, imesambazwa mara nyingi: «Umoja ni nguvu»]

Zuhura 14:32
Mama Nuru hiyo ni ndiyo au hapana?

Rehema 15:10
Mimi nakuja. Ila yule fundi mwambie asije na simenti, tafadhali.

Zuhura 15:11
Nitamwambia. Hapokei simu.

Zuhura 15:12
Baba Mdogo, na lile jambo la mwisho la Bibi?

Zuhura 20:40
Baba Mdogo?

IJUMAA

Zuhura 18:00
Kesho saa mbili. Fundi bado hapokei. Tindo, nyundo na ngazi ndefu viko stoo na UFUNGUO HAUJAPATIKANA.

Baba Mkubwa Hamisi 23:47
Ndiyo kwanza nasoma yote haya. Ufunguo wa stoo ninao mimi, tangu msiba. Lakini nilijaribu mwaka juzi haukufungua. Idi, ulibadilisha kitasa?