Domeini yangu si jalala la majaribio yenu!

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe nikiandika hivi hivi.

Mimi ni fundi samani. Miaka minne iliyopita nililipia domeini ya .co.tz, yaani jina la anwani yangu ya mtandaoni, neno fupi la Kiswahili ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Nililipendea ufupi wake. Kumbe na nyinyi watengeneza mifumo mnalipendea hilo hilo: mkitaka imeili ya uongo ya kujaribia, mnagonga herufi zozote, mnaweka @, halafu jina langu. Kwamba lina mwenyewe na analilipia kila mwaka, hamna habari.

Mwezi uliopita, saa nane usiku, simu ililia mpaka mke wangu akaamka akidhani kuna msiba. Jumbe 212 mfululizo, zote "Ndugu Test Test, mkopo wako umeidhinishwa." Hizo afadhali. Balaa lilikuja mfumo ulipoanza kazi na mtu akasahau kuitoa ile imeili. Nikakuta ratiba ya marejesho ya mama mmoja halisi: majina yake matatu, namba ya NIDA, simu ya mdhamini. Vyote kwa fundi seremala! Nikawaandikia wahusika, wakajibu "tumelipokea, tutalifanyia kazi." Hii wiki ya tatu, na mpaka juzi risiti za mama yule zilikuwa bado zinaingia kwangu. Analipa kwa wakati kuliko wao wanavyojibu.

Na msiniambie hakuna namna. Tangu Juni 1999 upo waraka wa taratibu za intaneti, RFC 2606, uliotenga majina example.com, example.net na example.org kwa ajili ya mifano tu, hayauzwi kwa mtu. Ukitaka jina ambalo halitakuwepo kamwe, malizia na .invalid. La majaribio, .test. Bure kabisa! Tena kosa lenyewe la zamani: Marekani kuna jamaa alinunua donotreply.com mwaka 2000, akawa anapokea mpaka barua za wateja wa mabenki, maana kila kampuni ilidhani jina lile halina mtu.

Nanyi mnaojaza imeili za kubuni ili mpate wifi ya hoteli, siwalaumu sana, fomu zenyewe zinataka kujua mpaka ukoo wako. Basi andikeni example.com. Mkiandika yangu, siku mkisahau paswedi, kiungo cha kuibadilisha kinatumwa kwangu.

Kisanduku changu nilikiweka kipokee chochote chenye jina la domeini, kwa sababu wateja wangu wengi hukosea herufi za mbele. Kijana wa stationery alinishauri niuzime mpango huo, zipite tu zilizoandikwa sawasawa. Jana nimeuzima. Kwa hiyo kama uliagiza kabati la milango mitatu kwa imeili na sasa ukiandika unaona kimya, nipigie simu, mbao zako zimeshakatwa.