Mrejesho: ramani ya nje kwenye RPG Maker MV imekaa sawa

Wakuu, asanteni kwa majibu. Niliuliza kwa nini kijiji ninachochora kwenye programu hii ya kutengeneza michezo ya kompyuta kinaonekana kama uwanja wa mpira na kingo za majabali zinajiunga ovyo.

Ukubwa kwanza: skrini ya kawaida huonyesha vigae (vipande vya mraba vinavyounda ramani) 17 kwa 13, hivyo nimepunguza ramani kutoka 100 kwa 100 hadi 40 kwa 30. Uwazi mwingi umeisha hapo hapo.

Majabali ndiyo yalikuwa na kazi. Vigae vingi vya kichupo A, kwenye orodha ya vigae, hujiunga vyenyewe na jirani wa aina moja. Kuzuia hilo, shikilia Shift, bofya kulia kunakili kigae chenye umbo unalotaka, kisha Shift na bofya kushoto kukibandika. Ukuta wa mbele ukiwa na vigae 3 kwenda juu, ngazi nayo iwe 3, la sivyo macho yanakataa. Kivuli kinachojitokeza chenyewe kulia kwa jabali nimekifuta kwa kalamu ya vivuli.

Miti: kwenye Database, Tilesets, shina liwekee alama ya X (halipitiki), kilele alama ya nyota (huonekana juu ya mhusika), ndipo mhusika hupita nyuma yake. Alama ya O (hupitika kawaida) kileleni humfanya akanyage majani.

Maji bado sijayagusa.