Mafunzo kwa wanaokamata mbwa wanaozurura mijini: yanapatikana wapi, na yafundishe nini?

Afisa Afya wa Kata aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Mimi ni afisa afya wa kata katika halmashauri moja ya mji hapa Tanzania. Wananchi wamelalamika sana kuhusu mbwa wanaozurura sokoni na karibu na machinjio, na uongozi umenikabidhi mimi pamoja na vijana wachache wa kibarua kazi ya kuwakamata. Vifaa tulivyopewa ni kamba, marungu na magunia. Nilisomea afya ya mazingira, kwa hiyo usafi wa soko na ukaguzi wa vyakula navifahamu, lakini namna ya kumshika mbwa mwenye hofu sikufundishwa popote, na hao vijana ndio kabisa. Tayari mmoja amekwaruzwa mkono akaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Naomba mwenye uzoefu anieleze kama nchini kwetu kuna mafunzo rasmi ya kazi hii, na kama hayapo, mtu katika nafasi yangu aanzie wapi. Ningependa pia kujua mpaka wa madaraka yangu, maana nimeambiwa nikipata chanjo niwachome mbwa mwenyewe.

Mkufunzi wa Mifugo alijibu:

Ndugu Afisa Afya, nianze na huyo kijana aliyekwaruzwa, kwa sababu suala lake haliwezi kusubiri. Apelekwe kituo cha afya leo. Mkwaruzo unaotoa hata damu kidogo huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mganga huamua kuhusu chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba, na ndiyo maana mafunzo yoyote ya kukamata mbwa yanayoanza na kamba badala ya chanjo ya wakamataji wenyewe yameanza vibaya. Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linapendekeza watu wa kazi kama yenu wachanjwe kabla, dozi siku ya kwanza na nyingine siku ya 7. Aliyechanjwa hivyo akiumwa na mbwa baadaye bado ataosha jeraha na kuongezewa dozi mbili, lakini hatahitaji imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari zinazodungwa kwenye jeraha, ambayo ni ghali na ni adimu katika vituo vyetu.

Kozi inayoitwa kwa jina la udhibiti wa mbwa sijaiona katika vyuo vyetu. Wakala ya Mafunzo ya Mifugo, yenye kampasi kama Tengeru, Mpwapwa na Morogoro, hutoa astashahada na stashahada za afya ya mifugo na uzalishaji, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huwafundisha madaktari wa mifugo. Humo kumshika mnyama na kumchanja hufundishwa, ingawa ng'ombe na mbuzi huchukua nafasi kubwa kuliko mbwa, jambo ambalo kwa maoni yangu limepitwa na wakati kwa halmashauri za mijini. Kuhusu madaraka, Sheria ya Veterinari ya 2003 inataka kazi ya tiba ya wanyama ifanywe na waliosajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Veterinari. Kwa hiyo usikubali kuwachoma mbwa sindano; shirikiana na bwana mifugo wako, naye awachanje mbwa huku ninyi mkiwashika. Na marungu yarudisheni stoo, kwa sababu Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, hata awe mbwa asiye na mwenyewe.

Siku ya mafunzo yenyewe ningeitumia zaidi kwa kumsoma mbwa kabla ya kumgusa. Vijana wengi huamini kwamba mbwa anayetikisa mkia ni rafiki, kumbe mkia ulioinuliwa na kutikiswa kwa ukakamavu, pamoja na nywele za mgongoni zilizosimama, ni onyo. Mbwa asiendewe kwa mbele huku akikazwa macho. Aendewe kwa ubavu, taratibu, asibanwe kwenye kona isiyo na njia. Fimbo yenye kitanzi ni ya kumweka mbali na mwili wako, wala haitumiki kumning'iniza kwa shingo. Anapoingizwa kwenye kizimba, mtu wa pili humwinua sehemu ya nyuma. Paka hakamatwi kwa fimbo hiyo, hutupiwa wavu. Kifunga mdomo kinaweza kuwa ukanda wa bendeji unaozungushwa puani, ukavukishwa chini ya kidevu na kufungwa nyuma ya masikio. Mazoezi haya yafanyike kwa mbwa mtulivu wa kufugwa mpaka mikono izoee.

Jambo moja watu hulipuuza. Mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali. Wengine hunyamaza, taya hulegea, mate humtoka, na mwenye mbwa huingiza mkono kinywani akidhani mfupa umekwama kooni. Kijana asiyelijua hili atafanya vivyo hivyo kwa nia njema kabisa.

Msomi wa Kabete alijibu:

Nichangie kutoka Kenya. Kwetu wahudumu wa afya ya wanyama husomea katika taasisi za AHITI, yaani vyuo vya mafunzo ya afya ya mifugo, kama ile ya Kabete, na husimamiwa na Bodi ya Veterinari ya Kenya. Mkakati wa kitaifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulizinduliwa 2014 ukilenga 2030, na ulianzia katika kaunti chache za mfano, zikiwemo Makueni, Machakos, Kitui, Siaya na Kisumu.

Kwa mtu asiyeweza kuacha kazi akarudi chuoni, muungano wa kimataifa wa kudhibiti kichaa cha mbwa, GARC, una masomo ya bure kwenye intaneti, likiwemo moja la kushika na kuchanja wanyama linalotoa cheti. Ni masomo mazuri kwa nadharia. Hata hivyo, Ndugu Afisa Afya, usiridhike na cheti hicho pekee, kwa kuwa hakuna anayejifunza kukaza kitanzi kwa kusoma kwenye simu.

Afisa Afya wa Kata aliandika tena:

Nashukuru sana. Kijana amekwenda kituoni na ameanza chanjo. Lakini nina kizuizi kingine: baadhi ya wakubwa wanaona mafunzo ni kupoteza fedha wakati mbwa wanaweza kutegewa nyama yenye sumu usiku mmoja, na kazi ikaisha. Niwajibu nini?

Mkaazi wa Chake alijibu:

Assalaam alaykum. Waambie watazame Pemba. Kampeni za kuchanja mbwa kati ya 2010 na 2014 ziliuondoa ugonjwa wa kichaa cha mbwa kisiwani, kisha 2016 ukarejea kwa mbwa walioletwa kutoka nje, na chanjo ikarudiwa mpaka ukatoweka tena 2018. Kinachofanya kazi ni kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote na kurudia kila mwaka, kwa sababu mbwa huzaa na kufa haraka na kinga ya kundi hupungua. Sumu huua kwanza mbwa wa nyumbani, waliozoea watu na chakula, ambao ndio wengi waliokwisha kuchanjwa. Nafasi yao hujazwa na watoto wa mbwa wasio na kinga yoyote. Isitoshe, mbwa wengi tunaowaona barabarani wana wenyewe, na mwananchi aliyeuliwa mbwa wake hatamleta mwingine siku ya chanjo. Tusisahau pia kwamba mtoto anaweza kuiokota nyama hiyo.

Ningeongeza kwenye mafunzo yenu somo la ufuatiliaji. Tangu 2018 katika mikoa kama Mara, Morogoro, Lindi na Mtwara umejaribiwa utaratibu ambapo wahudumu wa afya na maafisa mifugo hufundishwa pamoja. Mtu aliyeumwa na mbwa akifika kituoni, mhudumu humpigia simu afisa mifugo, naye huenda mpaka nyumbani kwa mwenye mbwa, akauliza mbwa yuko wapi na ni nani wengine walioumwa. Mbwa aliye mzima huangaliwa kwa siku 10; akifa au akionyesha dalili, sampuli ya ubongo huchukuliwa na mtaalamu. Wewe, ukiwa afisa afya, uko katikati ya pande hizo mbili, na kwa hakika hapo una manufaa makubwa kuliko ukiwa na kamba mkononi.

Mswahili wa Houston alijibu:

Kwa kulinganisha tu: hapa Texas sheria ya jimbo inamtaka afisa wa udhibiti wa wanyama amalize kozi ya msingi ya saa zisizopungua 12 ndani ya mwaka wa kwanza wa ajira, na baada ya hapo apate saa 30 za mafunzo ya kujiendeleza kila miaka mitatu. Kozi hugusa magonjwa, ukamataji, sheria, na namna ya kuzungumza na mwenye mnyama aliyekasirika. Saa 12 ni siku mbili za kazi, na halmashauri isiyo na fedha nyingi inaweza kuzimudu.

Mkufunzi wa Mifugo alijibu:

Ndugu Afisa Afya, andika ombi la siku hizo mbili kupitia kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, na chini yake uorodheshe fimbo za vitanzi, wavu, glavu nene, vizimba na kisanduku cha kubebea chanjo chenye barafu, maana chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Gharama ya chanjo ya vijana iwe mstari wa kwanza wa bajeti. Asitoke hata mmoja kwenda kukamata mbwa kabla ya kupata dozi ya siku ya 7.