HATA GARI NALO??? Fundi yule mnamjua, leo amenimaliza

mwana_tudor:

Jamani naandika mikono yatetemeka na kichwa kimenyolewa upande mmoja, mtanielewa mbele. Jina simtaji, hakuna haja, ukishapeleka gari kwake mara moja wamjua maisha. Yule wa "kesho saa nne, haina noma", mwenye kutia bisibisi sikioni kama seremala na penseli. Huyo huyo. Msijifanye hamumjui, nusu yenu humu magari yenu yako kwake tangu Ramadhani.

Sasa skizeni. Jumamosi nilimpelekea kigari changu, hendibreki imelegea, ukivuta yafika kwapani na gari bado lanyemelea. Akalitia jeki, akaingia chini, nkasikia ko ko ko, nkasikia mtu apiga simu huko huko chini amuuliza mwenziwe kuhusu mpira, akatoka, "nimekutilia waya mpya, elfu tatu na mia tano." Nkalipa. Risiti sikuuliza, risiti ya nini na mtu tumezoeana.

Leo alasiri nkaegesha pale Tudor kwenye mteremko wa kushukia bahari, nkatia P, nkavuta hendibreki, nkafunga mlango nkaingia kwa kinyozi. Nimekaa kama dakika ishirini hivi, kinyozi kamaliza upande wa kulia, naangalia kiooni naona nje kuna gari lapita polepole, mwendo wa bi harusi aingia ukumbini, nkasema moyoni gari lile lafanana na langu. Rangi kama langu. Bampa imefungwa kamba kama langu. Ndani hamna mtu kama langu. YALLA!

Nkatoka mbio na kile kitambaa cha kinyozi shingoni chapepea mgongoni, watu wa barazani waona gari lashuka halina dereva na nyuma yake mwanamume nusu kipara alifukuza apiga kelele "simama! simama!" kana kwamba lina masikio. Likapita bodaboda mbili. Likapita paka, paka hakuondoka, paka wa Mombasa hamjui mtu wala gari. Likalipiga benchi la mama wa viazi karai, ndoo ya ukwaju ikaruka juu, ukwaju wote ukanishukia mimi, gari likapanda lundo la mchanga wa mjengo likatulia. Alhamdulillahi karai lenyewe lilikuwa upande wa pili, mafuta yale yangeunguza mtu. Hapana aliyeumia.

Nkampigia yeye. Akaja kwa miguu, hana haraka. Akalizunguka gari mara moja. Akachungulia dirishani. Akafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. Watu hamsini wametuzunguka wangoja kusikia ugonjwa ni nini. Akaniangalia mimi, akaiangalia nusu ya kichwa changu, akasema kwa sauti ya kuadhinia:

"Gari zima hili. Hata gari NALO limekuacha bwana."

NALO.

Mtaa mzima ukalala chini. Mpaka mama niliyemmwagia ukwaju wake akashika kiuno akacheka. Kinyozi akacheka, na mimi namdai nusu ya kichwa. Angesema "gari limekuacha" ningenyamaza, mzaha ni mzaha nimeupokea. Lakini kuweka "nalo" pale katikati, hilo si neno limemponyoka, mtu amelichagua, akalionja, akaliongeza pilipili ndipo akalitoa. Elfu tatu na mia tano nilipe mimi na "nalo" niipokee mimi.

Hebu niambieni ingekuwa nyinyi.

kachri_moto:

Pole yakhe. Swali la Kiswahili tu. Ukisema gari NALO limekuacha, maana yake kuna aliyetangulia kuacha kabla ya gari. Nani huyo?

mwana_tudor:

Hilo halihusiani na uzi huu.

bi_kisauni:

Halihusiani lakini twataka kujua 😂

pweza_mkavu:

Kumbe ni wewe! Mimi nlikuwa hapo nanunua viazi. Wallahi hukusema "simama" tu, ulisema "rudi". Nimekusikia kwa masikio haya mawili, "rudi, rudi tuzungumze".

mwana_tudor:

Sikusema tuzungumze.

kachri_moto:

Kwa hivyo "rudi" ulisema.

dereva_mstaafu:

Vijana chekeni baadaye. Mimi nimepeleka malori Mombasa mpaka Malaba miaka mingi na nawaambia gari halijiendei, gari huachiliwa. Umesema lilitulia dakika ishirini ndipo likaondoka. Hapo ndipo penye neno. Kama breki za nyuma ni za diski, ulipokuwa kwenye foleni wakanyaga kila hatua mbili diski zilipata moto, na chuma cha moto hutanuka. Ukafika ukavuta hendibreki, ukabana chuma kilichotanuka. Wewe waenda kunyolewa, huku chuma chapoa chanywea, nafasi ya unywele mmoja yapatikana, na kwenye mteremko unywele mmoja watosha.

pweza_mkavu:

Unywele mmoja? Huyu alibakiwa na nusu kichwa kizima

mwana_tudor:

Mzee shukran wewe ndiye mtu pekee mwenye heshima humu. Nyuma ni dramu lakini.

dereva_mstaafu:

Basi si hilo. Dramu ikipoa hunywea ikazidi kubana. Angalia mambo mawili. La kwanza wili silinda, kile kipampu cha breki ndani ya dramu, ikivuja mafuta shuu za breki zaloa na hazishiki hata uvute kwa meno. La pili ni huo waya. Sisi twakaa na chumvi hewani mwaka mzima, waya wala kutu ndani ya ganda lake ambapo hupaoni, wavuta huku juu mkono wapanda lakini huko gurudumuni hakuna kinachofika, au yafika upande mmoja tu. Ukipata waya mpya kweli utausikia, hendibreki yakamata baada ya mlio wa ka-ka-ka mara chache, haifiki kwapani. Na hiyo P yako, ulitia gari likiwa limesimama kabisa?

mwana_tudor:

Nilitia P.

dereva_mstaafu:

Sikuuliza hivyo.

mwana_tudor:

Kulikuwa na tuktuk nyuma yapiga honi. Lilikuwa kama bado latembea kidogo. Kidogo sana.

dereva_mstaafu:

Haya. P ndani ya gia boksi si ukuta, ni kijino kimoja cha chuma kinachoingia kwenye meno ya gurudumu. Gari likiwa bado latembea kile kijino chadunda juu ya meno trrrrr, hakiingii. Au kebo ya gia ikiwa imelegea, mkono juu wasema P na chini boksi bado liko kwenye niutro. Jaribu hivi, pahali tambarare, mtu akae ndani mguu karibu na breki, tia P, shusha hendibreki, sukuma. Lafaa lisogee kidogo ligote. Likiendelea kwenda, hapo hapana P, pana herufi tu.

Na siku zote wakati wa kuegesha mlimani kanyaga breki, tia niutro, vuta hendibreki, achia breki ili uzito ukae kwenye hendibreki, ndipo utie P. Tairi zielekeze ukingoni. Na jiwe. Tandiboi wangu alikuwa hashuki bila jiwe, wasomi wa siku hizi mwaona haya kubeba jiwe.

bi_kisauni:

Kwa hivyo fundi alikuwa sawa 😭 gari zima, mwenyewe ndiye...

mwana_tudor:

HAKUWA SAWA. Hata kama P ni langu, hendibreki ni yake. Na hata kama hendibreki ni yangu, NALO ni yake.

mtoto_wa_bara:

Manze si ungeweka tu gia ya kwanza ukaenda zako. Mimi huweka gia ya kwanza, hendibreki siijui hata iko wapi

dereva_mstaafu:

La kwake ni otomatiki mwanangu, gia ya kwanza ataiweka wapi, mfukoni? Na wewe mwenye manyuo, injini iliyochoka haizuii gari kwenye mlima mkali, hupumua, latambaa kidogo kidogo. Vuta hendibreki.

sharifu_tu:

Mwalizunguka tu. Dakika ishirini limetulia halafu laondoka lenyewe mchana kweupe na laelekea baharini. BAHARINI. Nani hukaa baharini? Mimi nasema hivyo tu nanyamaza. Uliliosha wapi gari hilo mara ya mwisho?

kachri_moto:

Jini la Mombasa mwenye akili timamu hachukui gari lisilo na kiyoyozi

pweza_mkavu:

Na lilisimama kwenye viazi. Hilo ni jini la njaa tu

gia_ya_tano:

Nyinyi mwacheka lakini haya mambo yapo duniani kote, Marekani na kwingineko mwaka 2016 magari zaidi ya milioni 1 yaliitwa yarekebishwe, Jeep Grand Cherokee zikiwemo, kwa sababu mkono wa gia ukiusukuma warudi katikati wenyewe, dereva adhani ametia P, ashuka, gari laenda.

bi_kisauni:

Mwenzako bampa imefungwa kamba wewe wamletea Jeep

mwana_kizingo:

Mimi sicheki sana kwenye habari hizi. Tangu Septemba 2019, ile gari iliyorudi nyuma ikateleza kutoka kwenye feri pale Likoni na mama na mwanawe ndani, na karibu wiki mbili kabla kutolewa, mimi nikipanda feri hendibreki naivuta na mguu siutoi kwenye breki mpaka ng'ambo. Mke wangu hunicheka. Nacheka naye lakini mguu siutoi.

dereva_mstaafu:

Mwenyezi Mungu awarehemu.

kachri_moto:

Amin.

mama_wa_watatu:

Amin. Sasa mimi niseme na langu maana nimekaa nalo. Nyinyi mwalia na fundi gari, mimi nina fundi cherehani, pia mnamjua, yule mwenye miwani ya kamba. Nimempa kitambaa cha Idi wiki tatu kabla. Usiku wa kuamkia Idi namfuata, ndani ya duka hamna taa, namuita, naskia cherehani yaenda gizani. Nguo ya nani washona? "Yako." Na kitambaa changu nakiona kiko juu ya meza hakijakatwa.

bi_kisauni:

YULEEE. Mimi alinishonea dera likawa la mdogo wangu. Mdogo wangu ana miaka tisa.

mtoto_wa_bara:

Huyo alinipunguzia suruali, nkamwambia inchi moja, akapunguza mguu mmoja. Nkirudi aniambia "huo mwingine ulikuwa sawa"

pweza_mkavu:

Hahaha mguu mmoja, mpeni namba ya Nusu Kichwa waende pamoja mjini

mwana_tudor:

Jina langu si Nusu Kichwa.

Na nina habari. Nimefuata maneno ya mzee, nimemuita kijana mwingine hapa nyumbani tumelala chini ya gari na tochi ya simu. Waya ni ULE ULE. Wa kale. Una kutu mpaka waacha unga mkononi. Alichofanya ni kukaza nati pale kwenye mkono na kupaka grisi juu ya ganda ling'ae. Elfu tatu na mia tano kwa nati moja na kijiko cha grisi! Picha naweka kesho. Na wili silinda ya kushoto yalia machozi, shuu zimeloa. Sasa nani aliyemuacha nani? Na alikuja akasimama mbele ya watu, akijua kilichoko huko chini, akasema nalo.

sharifu_tu:

Mama wa watatu, huyo cherehani bado yuko pale pale au alihama? Nina kanzu kwake tangu mwaka juzi

mama_wa_watatu:

Yuko. Duka limefungwa lakini cherehani yasikika.

bi_kisauni:

Nimecheka mpaka nimeamsha mtoto

mwana_tudor:

Mmesoma lakini? Waya ni ule ule.

mtoto_wa_bara:

Kwanza huyo mama wa viazi, ukwaju wake ndio ule mzito wenye pilipili mbuzi?

pweza_mkavu:

Ndio huo. Leo alikuwa amemaliza mapema, hamna ukwaju, watu wala viazi vikavu kama adhabu. Tena kuna bwana mmoja ilimbidi alipe ndoo nzima

kachri_moto:

Bila ukwaju kiazi karai ni kiazi tu. Mkomani kuna mmoja atia embe mbichi ndani, mkaonje halafu mrudi mnishukuru

mama_wa_watatu:

Embe kwenye ukwaju? Huo ni uhalifu. Fungueni uzi mwingine wa hilo.

mwana_tudor:

Kwani uzi huu ni wa nani? Mimi nimedanganywa waya, nimedhalilishwa mbele ya watu hamsini, kichwa bado nusu maana kinyozi kafunga, nyinyi mwazungumza embe.

kachri_moto:

Hata uzi nao umekuacha bwana