Spika za marehemu baba na TV mpya

Mkazi wa Nyalenda:
Wadau, hamjambo. Baba alituachia amplifaya ya mbao na spika mbili zinazonifika kiunoni. Benga ikilia humo Jumapili, mabati yalitetema. Sasa nimenunua TV bapa, sauti yake kama nyuki ndani ya kopo. Nyuma kuna HDMI na kitundu cha mraba chenye mwanga mwekundu. Amplifaya ina matundu mekundu na meupe tu. Nilichomeka redio ya simu palipoandikwa PHONO, ikakoroma hadi jirani akagonga ukuta. Nifanyeje?

Fundi, Kondele:
Toa hapo PHONO kwanza! Hapo ni pa santuri; panakuza mno sauti na kupandisha besi. Tumia matundu yaliyoandikwa AUX au TAPE IN. Hicho kitundu hutoa sauti ya kidijitali kwa mwanga, na amplifaya ya mzee haiielewi. Nunua kigeuzi cha kuifanya analogi, yaani sauti ya umeme ambayo amplifaya inaielewa, kisha waya wa RCA, ule wenye vichwa vyekundu na vyeupe. Halafu kwenye mipangilio ya sauti ya TV chagua PCM, sauti ya kidijitali ya kawaida ambayo kigeuzi huielewa. Wengi husahau hapo, wakipata kimya wanarudi dukani kugombana.

Mama wa Nakuru:
Kama una king'amuzi, chungulia nyuma yake. Changu kina tundu la AV linalotoa sauti ya analogi moja kwa moja, sikununua kigeuzi.

Mkazi wa Nyalenda:
Asante fundi, PCM ndiyo ilikuwa shida. Mama ametoka jikoni kuuliza nani amewasha redio ya mzee. Ila kitufe cha sauti kinakwaruza nikikizungusha.

Fundi, Kondele:
Vumbi hilo. Zima, chomoa umeme, pulizia dawa ya kusafishia swichi, kizungushe mara ishirini.