Fleurie, Morgon au Chinon? Nahitaji mvinyo mwekundu mwepesi

Mhaya_Lyon: Habari za jioni wakuu. Jumamosi nanunua chupa sita za mvinyo mwekundu mwepesi, na nataka za familia inayolima zabibu zake yenyewe. Nimebaki na tatu: Fleurie, Morgon na Chinon. Bei hazipishani sana. Nichukue ipi?

MamaTausi: Mwanangu, ni za shughuli gani? Mtakula nini? Mtazinywa lini? Bila hayo tutabahatisha tu.

Kiboko_Bruxelles: Morgon, usihangaike. Miaka yote nanunua hiyo.

Zabibu_Dodoma: Kiboko, kasema mwepesi. Fleurie na Morgon zote ni za Beaujolais, eneo la mvinyo Ufaransa, aina ya zabibu ni Gamay, lakini hazifanani. Fleurie inaota kwenye mawe ya graniti yenye rangi ya waridi na hunukia maua. Morgon, hasa ya kilima cha Côte du Py, ina nguvu na inastahimili kukaa miaka. Chinon ni ya bonde la mto Loire, aina ya zabibu ni Cabernet Franc, utasikia harufu ya pilipili hoho mbichi. Mwepesi kweli ni Chiroubles, mashamba yake ndiyo yaliyo juu zaidi milimani kule Beaujolais.

Kiboko_Bruxelles: Gamay yenyewe, mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, aliamuru ing'olewe mashambani mwake.

Zabibu_Dodoma: Si wewe uliyependekeza Morgon? Morgon ni Gamay! Na amri ile ilihusu Burgundy. Kwenye graniti ya Beaujolais Gamay imepata kwao.

MamaTausi: Popote utakaponunua, usiache chupa kwenye gari. Mwaka juzi Julai nilipita kwa mkulima mmoja wa Fleurie, mzee na binti yake. Walinionjesha kwa subira, nikanunua chupa kumi na mbili, nikatia kwenye buti. Nikapitia Marseille kwa dada, gari likashinda juani kutwa. Kufika nyumbani, vizibo viwili vimesukumwa juu na mvinyo umechuruzika. Nikajipa moyo kwamba zilizobaki zimesalimika. Siku ya posa ya mwanangu nikamfungulia mkwe: ladha ya jemu iliyoungua, yale maua hayapo kabisa. Mkwe alimaliza glasi kwa adabu, mimi nikashindwa kumtazama. Hadi leo naumia, maana yule mzee na bintiye walifanya kazi safi.

Mhaya_Lyon: Pole sana mama. Ni wazazi wa mke wangu, wanakuja Jumapili. Bajeti euro 15 kwa chupa. Nitajuaje ni ya familia?

Zabibu_Dodoma: Tafuta kwenye lebo "mis en bouteille au domaine", yaani imetiwa chupani shambani kwa mkulima. Ukiona "négociant", yaani mfanyabiashara wa mvinyo, huyo huenda kanunua zabibu au mvinyo kwa wengine. Halafu iweke kwenye friji kabla ya kula, nyuzi 13 hivi.

Kiboko_Bruxelles: Mvinyo mwekundu kwenye friji? Hapana. Utaua ladha.

MamaTausi: Mwepesi unapendeza ukiwa na ubaridi kidogo, Kiboko. Jaribu kwanza.

Kiboko_Bruxelles: Morgon yangu naacha mezani.

Mhaya_Lyon: Chiroubles sijaiona dukani kwangu. Fleurie ipo, ya 2022 na ya 2023. Chakula ni ndizi.

MamaTausi: Ndizi za nyama au za samaki?